Dondoo Muhimu: Makala Fupi Yenye Kusomwa

Mwenye kutaka kuandika makala ya kusomwa na watu na aazimie kwanza jambo moja tu, alijue kwa undani kuliko kiasi atakachokieleza, kisha aingie ndani yake tangu sentensi ya awali pasipo dibaji ndefu, kwani msomaji hana wajibu wa kungoja. Eleza habari za mkulima wa karafuu wa Pemba, bei anayopewa na ujira wa wachumaji wake, kabla hujanena habari za uchumi wa dunia. Habari hizo za pili zitafahamika zenyewe. Soma rasimu kwa sauti: ulimi unapokwama, aghalabu pana neno la kufutwa.

Ama hofu ya kukosa wasomaji, kwa rai yangu, haina msingi, kwani hamu ya kusoma na kuandika ni ya tangu zamani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji wenyewe, na mwandishi Shaaban Robert akatoa kitabu cha Kielezo cha Insha mwaka 1954. Haja ya makala ingalipo, kilicho adimu ni habari iliyohakikiwa, basi kabla ya kuipeleka kwa mhariri, thibitisha upya kila tarehe na kila jina.