Karata za Taroti na Kuihesabu Nafsi

Alkhamisi moja, baada ya darsa, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alibaki nyuma mpaka watu wote wakatoka, kisha akatutolea suala ambalo twaona si lake peke yake. Alisema kuwa kila usiku wa Jumapili huchanganya karata ziitwazo taroti, akavuta tatu na kuzipanga mbele yake: ya kwanza kwa hali aliyo nayo, ya pili kwa jambo linalomzuia, ya tatu kwa linalompasa kulifanya katika wiki inayokuja. Huzitazama picha zake, akafikiri, kisha akaandika katika daftari yale yaliyomjia moyoni. "Sheikh," alisema, "mimi sitafuti ghaibu. Ghaibu najua ni ya Mwenyezi Mungu. Nataka kuijua nafsi yangu tu. Je, pana ubaya?"

Hatukumjibu papo hapo. Suala lililoulizwa kwa adabu lastahiki jawabu la adabu, na lile jawabu letu la "haramu, nenda zako" limewafukuza vijana wengi katika darsa zetu. Baadaye tulizungumza naye mara mbili, naye ametupa idhini tuyaeleze mambo yake hapa bila ya kumtaja jina.

Kwanza, karata hizi ni nini? Watu wengi wamesadiki kuwa ni kitabu cha hekima ya kale ya Misri kilichofichwa katika picha. Habari hiyo haina asili. Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14, nazo zilitoka katika nchi za Kiislamu, Misri ya Mamaluki. Pakiti moja ya Kimamaluki ingali imehifadhiwa katika jumba la Topkapi, mjini Istanbul. Alama zake ni vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa farasi, na katika vyeo vyake mna mfalme na naibu. Neno hilo letu la "naibu" ndilo lililozaa jina la karata katika Kihispania mpaka hii leo. Katika karne ya 15 watu wa kaskazini ya Italia wakaongeza karata za picha, wakapata mchezo mpya. Na kwa zaidi ya miaka 300 taroti ilikuwa mchezo wa barazani. Hapo ndipo, mwaka 1781, mtu wa Paris aliyeitwa Antoine Court de Gébelin alipoandika kuwa picha zile ni elimu ya makuhani wa Misri. Wakati huo hapakuwa na mtu duniani awezaye kuyasoma maandishi ya kale ya Misri. Siri yake ilifumbuliwa na Champollion mwaka 1822. Haukupita muda, mwenzake mmoja wa mji huohuo, aliyejiita Etteilla, akawafundisha watu kuagulia kwazo. Na pakiti iliyoenea zaidi leo, yenye karata 78, ilitolewa London mwaka 1909; maana zake zilipangwa na Arthur Edward Waite, na picha zikachorwa na Pamela Colman Smith. Basi anayedhani ameshika hekima ya Mafirauni ameshika mchezo wa Kitaliani uliovishwa kilemba.

Na hapa tuna neno na wazee wetu. Mzee amkemea bintiye kwa sababu ya karata zilizo katika simu, naye mwenyewe hafungi safari wala haozi mpaka apigiwe bao. Ramli ina maumbo 16 na taroti ina picha 78. Tofauti ni hesabu na lugha. Wako hata wanaoufungua Msahafu kwa kubahatisha, wakaweka kidole juu ya aya, wakasema hiyo ndiyo fali yao, kana kwamba Kitabu kiliteremshwa kiwe pakiti. Atakayetaka kumtoa kijana katika lake na aanze kwa kutoka katika lake.

Turejee kwa kijana. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na mishale isiyo na vyembe, iitwayo azlamu. Mtu akitaka kusafiri, kuoa au kufanya biashara, alitikisa mishale mitatu: mmoja wamwamrisha, mmoja wamkataza, na mmoja mtupu. Ukitoka ule mtupu, hutikisa tena. Mwenyezi Mungu ameiharamisha katika Suratul Maida, akaitaja pamoja na ulevi, kamari na masanamu. Na Mtume s.a.w. alipoifungua Makka, mwaka wa 8 wa Hijra (630), alikuta katika Alkaaba sura za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail zimeshikishwa mishale hiyo, akaamrisha zitolewe, na akakanusha kuwa wao waliwahi kupiga kura kwayo. Sasa na tutazame: mwenye azlamu hakuwa akiuliza kesho kutatukia nini. Alikuwa akiuliza, "Nifanye lipi?" Na karata ya tatu ya kijana wetu yauliza neno lilo hilo. Hiyo basi haina njia, hata mwenyewe aseme kuwa hatafuti ghaibu. Aliye na jambo linalomtatiza ana istikhara: rakaa mbili, na dua aliyoifundisha Mtume kama alivyofundisha sura ya Kurani, kisha ashauriane na wenye akili, akate shauri. Wala asingoje ndoto. Hadithi haikutaja ndoto.

Kijana alikubali, akasema, "Ya tatu nitaiacha. Hizi mbili ni kioo tu." Hoja hii ni laini zaidi, na hatutamsingizia. Kuitazama picha na kufikiri si shirki, wala hatuwezi kumpima kwa hadithi ya yule amwendeaye mpiga ramli kumuuliza, ambaye sala yake haikubaliwi siku 40. Lakini kioo kizuri humwonyesha kila mtu uso wake, na hiki huwaonyesha watu wote uso mmoja. Mwaka 1948 mwalimu wa elimu ya nafsi huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 karatasi za sifa zao, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye peke yake. Aliwataka waipime kwa alama kutoka 0 mpaka 5, na wastani wao ukazidi 4. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno mamoja, aliyoyaokota katika kitabu cha nyota. Mwambie mtu yeyote kuwa ana hofu aliyoificha, atashangaa umeijuaje.

Tulimwomba atusomee daftari lake. Alisoma wiki tatu au nne. Karata ya Mwezi: nina hofu zilizojificha. Karata ya Mnara: mambo yangu yatabomoka ili yajengwe upya, niyapokee. Maneno mazuri, na mwandiko mzuri. Tukamuuliza, "Hofu gani, mwanangu?" Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa marehemu babake aliacha nyumba ya kupangisha. Mama ametangulia mbele ya haki. Wao ni ndugu wawili wanaume na dada mmoja aliyeolewa mbali. Kodi waigawanya wawili. Dada hajapata kitu kwa miezi 24, naye ameacha kupiga simu.

Miezi 24, ewe msomaji, na karibu nusu yake alikuwa akikaa kila Jumapili kuitazama nafsi yake! Daftari limejaa hofu na mabadiliko, na jina la dada halimo. Hatusemi kuwa kijana huyu ni mwongo. Ni mtu wa kheri, na ndiyo maana moyo ulimsumbua akautafutia dawa. Lakini picha humwachia mtu achague la kuona, na nafsi ikiachiwa kuchagua huchagua jina la upole kwa dhambi yake. Dhulma ikaitwa hofu. Deni likaitwa mabadiliko.

Katika Suratul Hashr Mola wetu ameiamrisha kila nafsi itazame ililotanguliza kwa ajili ya kesho. Na ililotanguliza ni amali, jambo lenye siku yake na mtu wake. Maulamaa waliliita kazi hiyo muhasaba. Al-Harith al-Muhasibi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 243 wa Hijra (857), alipata lakabu yake kwa kazi hiyo. Imamu Ghazali katika Ihya Ulumiddin akaifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi wampa mtaji na kumwekea masharti, mchana wamchunga, jioni wafungua daftari wakae mhesabiane, usimsamehe hata senti, kwani ndiye mshirika mwenye hila kuliko wote. Watu wa pwani hawahitaji kufasiriwa mfano huu. Hakuna mwenye duka afungaye hesabu kwa kutazama picha ya mzani.

Basi tulimwambia lile daftari asilitupe. Saa moja kila wiki ya kukaa peke yake na kalamu ni jambo jema, na wengi wetu hatuna hata dakika 10. Abadilishe siku tu, awe nalo Alkhamisi baada ya Magharibi, kwani imepokewa kuwa amali za waja huhudhurishwa Jumatatu na Alkhamisi. Na asiandike "nimehisi". Aandike "nimefanya" na "sikufanya". Sala ipi ilipita wakati wake, na nilikuwa nikifanya nini? Nani nilimsema, na mbele ya nani? Nani ananidai, na kiasi gani? Mtume s.a.w. amemweleza muflisi wa umma wake kuwa ni mtu atakayekuja na sala na funga na zaka, kisha zikagawiwa wale aliowatukana, kuwapiga na kuwala mali zao. Majina ya watu hao twayajua leo, tungali na nafasi ya kuwaendea.

Kwa dada hesabu ni nyepesi. Fungu lake ni moja katika matano, kwa kila mwezi katika miezi 24, na katika nyumba yenyewe vilevile. Ndugu yake mkubwa akikataa, yeye atoe kilichomo mkononi mwake kwanza, kisha waende pamoja mbele ya Kadhi.

Aliuliza mwisho pakiti aifanye nini, maana aliinunua ghali. Asiiuze wala asimpe mwenziwe, aichome. Daftari abaki nalo. Kurasa zilizoandikwa azifunge kwa pini, na juu ya ule mweupe wa kwanza aandike jina la dada yake na jumla ya deni.