Gugu la Kiziba Halingoji Siku ya Safari

Somo la familia. Tusome kwanza: Mithali 24:30-34 na Yeremia 29:4-11

 

Mwezi huu somo letu linatoka kizibani. Familia nyingi za kanisa letu zina sehemu katika viziba vya samaki kule bondeni, wengine peke yao, wengine kwa vikundi. Ukipita huko leo utaona viziba ambavyo maji yake hayaonekani tena. Majani yamefunika yote, na samaki waliobaki ni wadogo kama kidole. Ukiuliza sababu, jibu moja linarudi mara nyingi: "Jina letu liko kwenye orodha ya safari. Tujichoshe kwa nini?"

Jibu hilo tunalielewa, kwa maana sisi sote tunangoja kitu. Mmoja anangoja intavyu, mwingine anangoja amani nyumbani. Lakini gugu halingoji pamoja nasi. Na watoto nao wanataka kula leo.

1. NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI?

Katika Mithali, mwenye hekima alipita karibu na shamba la mtu mvivu, akakuta limejaa miiba na ukuta wake umebomoka. Tuangalie vizuri: hatuambiwi kwamba adui alikuja usiku, wala kwamba kuna mtu aliyepanda ile miiba. Shamba liliharibika kwa sababu liliachwa tu.

Katika Yeremia 29 tunasoma barua kwa watu waliochukuliwa mpaka Babeli. Mungu aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na wale matunda yake, tena wautafutie amani mji waliokuwamo. Watu hao walikuwa na ahadi ya kurudi kwao, maana mstari wa 10 unataja miaka 70. Basi ahadi ya safari na kazi ya bustani zilikuwa katika barua moja. Mwenye kungoja kwa imani anangoja akiwa na jembe mkononi.

2. TUYAJUE MAJANI YENYEWE

Majani ya kizibani ni ya namna tatu, na kila namna ina dawa yake.

Kwanza, yanayoelea. Mkubwa wao ni gugu maji, lile lenye ua zuri la zambarau. Ndugu zetu waliotoka upande wa mto Kongo wanaliita kwa Kilingala Kongo ya sika, yaani Kongo mpya. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu walilipeleka nchi nyingi kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Penye joto na maji yenye mbolea, linaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi. Mbegu zake hukaa ndani ya tope miaka mingi zikiwa hai. Katika kundi hili kuna pia yale majani madogo kama punje, yanayotandika maji kama blanketi la kijani.

Pili, yenye mizizi chini na majani juu: mayungiyungi, matete na mafunjo. Tatu, yanayoota ndani ya maji kama nywele ndefu, ambayo huyaoni mpaka wavu unase.

3. YANADHURU NAMNA GANI?

Majani yakifunika kiziba, jua haliingii. Maji hayawezi kutengeneza ule ukijani mwembamba ambao tilapia anakula. Hewa ndani ya maji inapungua, hasa usiku, na alfajiri utaona samaki wamekuja juu wakitweta. Wakiachwa hivyo, wanaweza kufa wengi kwa usiku mmoja.

Mbu wanapata mahali pa kuzalia. Konokono wanaobeba kichocho wanajificha katika majani hayo. Tena kiziba kilichofunikwa chaonekana kama uwanja wa majani, na mtoto mdogo anaweza kukanyaga akidhani ni nchi kavu. Hilo peke yake latosha kutufanya tuamke.

4. HATUA ZA KAZI

a) Tuyatoe kwa mkono, kidogo kidogo. Kiziba tukigawe sehemu tatu, na kila wiki tusafishe sehemu moja. Tukikoroga tope lote kwa siku moja, samaki watakosa hewa. Yanayoelea tuyavute kwa kamba ndefu: watu wawili, mmoja kila ukingo, wanaiburuta kamba juu ya maji mpaka majani yakusanyike kwenye kona moja. Hapo tuyaokote yote na mizizi yake, kwa kuwa kipande kimoja kikibaki kitazaa tena. Yale madogo kama punje tuyachote kwa kitambaa au wavu wa matundu madogo. Bata, kuku na hata tilapia wanayala.

b) Yenye mizizi tuyang'oe. Yungiyungi likikatwa majani tu, mzizi wake mnene chini ya tope unachipua tena. Tukate kila mara ili lichoke, na siku ya kukausha kiziba tuuchimbe ule mzizi.

c) Tuyapeleke mbali na maji. Majani yakiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inayarudisha. Sehemu kubwa ya gugu maji ni maji matupu, kwa hiyo tulianike kwanza, kisha tulichanganye na samadi na majivu kidogo katika shimo la mboji. Likioza vizuri, ni chakula cha mihogo na mboga zetu. Hata gugu laweza kutumika likiwa mahali pake.

d) Tulinyime chakula. Hii ndiyo hatua wengi wanayoisahau. Majani yananenepa kwa mbolea inayoingia majini: mavi ya mbuzi na nguruwe, maji ya sabuni, udongo wa shamba la juu. Tuchimbe mfereji juu ya kiziba ili maji ya mvua yapite pembeni. Tupande nyasi fupi kwenye tuta lizuie udongo. Kabla ya kuongeza samadi, tupime kwa mkono: ingiza mkono wima mpaka maji yafike kiwiko. Kama kiganja kimeshapotea machoni kabla ya hapo, mbolea imetosha, usiongeze.

e) Tuchimbe kina. Majani yenye mizizi hupenda maji mafupi. Ukingo ukiwa na kina cha sentimita 60 hadi 75, yanapata taabu kuanza. Baada ya kuvua samaki wote, tutoe maji, tuondoe tope lililojaa, tuache jua lipige mpaka chini kupasuke. Na mahali maji yanapoingilia tuweke wavu.

Wanaoingia majini wavae mabuti ya mpira, na kazi ifanyike asubuhi kabla jua halijawa kali. Mtu akiona damu katika mkojo au choo, asingoje, aende kituo cha afya.

5. MAMBO TUSIYAFANYE

Tusimwage dawa ya kuua majani kizibani. Yapo maduka yanayoiuza, na kazi yake yaonekana rahisi. Lakini majani yakifa yote pamoja, yanaoza ndani ya maji na kumaliza hewa, na samaki wanakufa nayo. Tena maji hayo yanateremka kwa wenyeji walio chini yetu, wanaochota kunywa na kunywesha ng'ombe. Tuliambiwa tuutafutie amani mji. Hatuwezi kuwasalimu jirani kwa amani Jumapili, na Jumatatu tukawapelekea sumu.

Tusitupe gugu mtoni ili liwe shida ya mwingine. Na tusichukue ua la gugu maji kupamba kiziba kipya. Ziwa Victoria linatufundisha. Gugu hilo lilionekana humo mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 lilifunga bandari na njia za wavuvi. Upande wa Uganda, mwaka 1995 walianza kuachilia ziwani wadudu wadogo, jamii ya fukusi, wanaokula gugu hilo. Haikuwa kazi ya siku moja. Miaka ilipita ndipo gugu likapungua sana, na mvua kubwa za El Nino za 1997 na 1998 nazo zilichangia. Hata hivyo, miaka iliyofuata lilirudi tena sehemu kadhaa. Kama ziwa kubwa linahitaji uangalizi usiokoma, je, kiziba chetu?

6. KAZI NI YA NANI?

Kiziba cha watu kumi mara nyingi ni kiziba kisicho na mtu. Basi kila kikundi kichague siku moja ya wiki, saa mbili tu, na jina la kila familia liandikwe kwa zamu. Wajane, wazee na wagonjwa tusiwadai nguvu. Wao wanaweza kuangalia watoto wasisogee majini. Saa mbili kila wiki ni rahisi kuliko siku kumi baada ya mwaka.

Na wewe ambaye jina lako liko kwenye orodha, tunakuombea safari njema. Lakini siku utakapopanda gari, kiziba hakipandi nawe. Kitabaki kwa mama wa jirani na watoto wake. Katika Yohana 4:37-38 Bwana wetu alisema kwamba mpandaji na mvunaji wanaweza kuwa watu wawili. Ukikiacha kikiwa safi, umewaachia chakula. Na kama safari itachelewa, wewe mwenyewe utakula samaki wakati unangoja.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika Mithali 24, ni nini kiliharibu shamba?
2. Kwa nini Mungu aliwaambia watu wapande bustani katika nchi isiyo yao?
3. Katika kiziba chetu, ni chakula gani kinachonenepesha majani?
4. Ni kazi gani nyingine tumeiacha kwa sababu tunangoja safari?

TUOMBE

Baba, tunakushukuru kwa ardhi na maji uliyotupa ugenini. Utusamehe tulipoacha kazi ya leo kwa kutazama kesho. Utupe moyo mmoja, mikono isiyochoka na amani pamoja na wenyeji wetu. Wanaoondoka uwaongoze, wanaobaki uwalishe. Kwa jina la Yesu, Amina.