SOMO: MWONGO NA MSEMA MATUPU



Tangu utoto tumefundishwa kwamba uongo ni dhambi. Lakini kuna maneno mengine yanayotoka kinywani bila sisi kujali kama ni ya kweli ao si ya kweli. Hayo ndiyo tunataka kuchungua leo.

1. Mwongo ni nani?
Agostino wa Hippo, Mwafrika wa inchi inayoitwa leo Algeria, aliandika kitabu juu ya uongo karibu na mwaka 395. Alifundisha kwamba mwongo anaweka jambo moja moyoni na kutoa lingine kinywani. Mtu anayekosea bila kujua, huyo si mwongo.

2. Msema matupu ni nani?
Harry Frankfurt, mwanafalsafa wa Marekani aliyefariki mwaka 2023, aliandika juu yake mwaka 1986. Mwaka 2005 maandiko yale yakatolewa kama kitabu kidogo. Alionyesha kwamba mwongo angali anaiangalia kweli, maana anataka kuificha. Msema matupu haiangalii tena; anatafuta tu watu wamwone vizuri. Kwa hiyo yeye ni adui wa kweli kuliko mwongo.

3. Maneno hayo yanatoka wapi?
Yanatoka pale mtu anapolazimishwa kusema juu ya jambo asilolijua. Tujiangalie sisi wenyewe. Tukiulizwa, tunaona haya kujibu "sijui". Tunamwambia mgonjwa "tunakuombea", nasi hatujapiga magoti hata mara moja. Yakobo (2:15-16) alikwisha kuonya juu ya yule anayemuaga mwenye njaa kwa maneno mazuri bila kumpa chakula.

Ubaya zaidi ni kusimama na kusema "nimeonyeshwa", na hatukuonyeshwa kitu. Kwa neno moja kama hilo mgonjwa anaacha dawa, ao mtoto anaitwa mchawi na kufukuzwa nyumbani. Sisi tumekwisha kusahau tulilosema, lakini mtoto analala barabarani.

4. Tufanye nini?
Kabla ya kusema, tujiulize: Ninajua, ninafikiri tu, ao sijui? Kisha tuseme vile ilivyo. Tukiahidi kumuombea mtu, tuombe palepale. Na tusimzarau mwenye kujibu "sijui", maana huyo ameiheshimu kweli.

Swali la kuzungumzia nyumbani: Juma hili, ni neno gani tulilosema bila kulijali?

Amina.