Mvua Isiyotanguliwa na Mawingu
Namna ya kutambua maambukizo kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu



Wazee walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mtu mwenye nguvu, neno hili ni kweli hata katika ugonjwa. Homa hupanda, kikohozi huanza, jipu hutunga usaha, naye hukimbilia dispensari. Lakini wako wagonjwa ambao kwao mvua hunyesha bila wingu. Somo letu la leo ni juu yao.

ASKARI WA MWILI

Katika damu yetu mna chembe nyeupe. Hizo ni askari. Kijidudu kikiingia, hupigana nacho. Sasa sikilizeni vizuri: homa, uvimbe na usaha ni alama za vita ya askari hao. Askari wakiwa wachache, vita haina kelele. Mgonjwa anaweza kuoza ndani huku kipimajoto kikionyesha 37 tu.

Ni nani walio na askari wachache au wachovu?

— Mwenye virusi vya SIDA asiyetibiwa, au aliyeacha dawa zake.
— Mwenye ugonjwa wa sukari usiotunzwa.
— Anayemeza predinizoloni au deksametazoni siku nyingi, hata kama aliinunua sokoni ili anenepe.
— Anayetibiwa kansa kwa dawa kali.
— Mtoto mwenye utapiamlo, na mwenye ugonjwa wa damu wa sikoseli, kwa maana wengu lake halifanyi kazi.
— Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi. Vumbi la silika huua chembe zinazosafisha mapafu, na hufungulia kifua kikuu mlango.

KISA KIMOJA

Nilipokuwa mpya katika kazi hii, alinijia mtoboa mwamba mmoja. Alisema amechoka tu. Joto lake lilikuwa 37,4. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya, lililotobolewa kwa msumari. Niliona tundu lile, lakini sikuuliza. Tone la damu lilionyesha malaria. Nikampa dawa, nikafunga daftari. Alirudi, nikafanya vilevile.

Mara ya tatu alikuja na bibi yake. Mama yule akasema: « Munganga, shuka analolalia ninalianika kila asubuhi. » Hapo ndipo nilipompeleka kwa daktari. Makohozi chini ya darubini hayakuonyesha kitu. Picha ya kifua haikuonyesha mengi. Kipimo kingine cha makohozi ndicho kilichofichua kifua kikuu. Baadaye alitueleza kwamba aliacha dawa za SIDA, kwa kuogopa wenzake wasione kikopo chake.

Alipona. Lakini wiki sita zilipotea, na wiki sita zinatosha kuua. Malaria ilikuwamo, ndiyo. Ila katika nchi yetu mtu mzima huweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu, na kinachomuua kikawa kingine. Nilipata jibu moja, nikaacha kutafuta. Kosa lilikuwa langu.

MUNGANGA ANATAFUTAJE?

1. Huanza na maswali. Tangu 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni linafundisha hivi: mtu mzima mwenye virusi vya SIDA akiwa na moja tu kati ya mambo manne, yaani kikohozi, homa, kukonda au jasho la usiku, achunguzwe kifua kikuu. Tusingoje kikohozi kifikishe wiki mbili.

2. Haamini darubini peke yake. Darubini inahitaji vijidudu elfu kadhaa katika mililita moja ya makohozi. Kwa mwenye kinga dhaifu mara nyingi ni vichache. Kwa hiyo kuna mashine ya GeneXpert, iliyokubaliwa na Shirika hilo mwaka 2010. Nayo huona vichache kuliko darubini. Kwa mwenye virusi vya SIDA aliye mgonjwa sana, kuna pia kipimo cha mkojo.

3. Hadanganywi na ngozi. Sindano ya kupima kifua kikuu mkononi huvimba kwa kazi ya askari. Pasipo askari, hakuna uvimbe, na ugonjwa upo.

4. Kichwa kikiuma siku nyingi, hukumbuka kuvu iitwayo kriptokoki, inayoshika utando wa ubongo. Shingo huweza isikakamae. Kipimo cha damu huitambua, kisha hutolewa maji ya mgongo. Watu husema sindano hiyo inaua. Hapana: wengi huletwa wakiwa wamechelewa, na ugonjwa ndio unaowaua.

5. Hafungi daftari kwa jibu la kwanza. Mwili dhaifu huweza kubeba magonjwa mawili au matatu pamoja.

KAZI YAKO WEWE

Lete dawa zote unazomeza, hata za sokoni na za mizizi. Usinunue antibiotiki kabla ya kupimwa, maana huficha kijidudu bila kukimaliza. Predinizoloni ya siku nyingi usiikate ghafula, uliza kwanza. Mtoto wa sikoseli au mgonjwa wa kansa akishikwa na homa, mlete saa ileile, hata usiku. Mgodini, toboa mwamba kwa maji, na vaa kinga ya pua.

Tena, sema kweli. Unayomwambia munganga ni siri. Hana ruhusa kuipeleka kwa kapita wala kwa jirani.

JIPIME MWENYEWE

a) Kwa nini mgonjwa mwenye kinga dhaifu huweza kukosa homa?
b) Makohozi hayaonyeshi kitu: je, kifua kikuu hakipo?
c) Taja mambo manne ya kuuliza.

Someni maswali haya pamoja nyumbani. Bibi na watoto huona shuka na mkanda kabla yetu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Msaidizi wa munganga, dispensari ya kambi