Vyuo Vikuu na Kampuni Changa za Teknolojia

Mwanafunzi akiulizwa kazi za chuo kikuu, kwa kawaida hutaja mbili: kufundisha na kufanya utafiti. Jibu hilo ni sahihi lakini halijakamilika. Ipo kazi ya tatu, nayo ni kuyatoa matokeo ya utafiti maabara na kuyafikisha sokoni. Njia mojawapo ni kumsaidia mtafiti au mwanafunzi kuanzisha kampuni. Kampuni ya namna hiyo, ambayo bado ni ndogo na imejengwa juu ya wazo jipya, huitwa kampuni changa.

Tutatumia mfano wa Google, kwa kuwa kila msomaji wa kitabu hiki anaifahamu, ingawa si wote wanaojua kwamba ilizaliwa chuoni.

Mwaka 1996, Larry Page na Sergey Brin walikuwa wakisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California, Marekani. Mitambo ya kutafuta habari ya wakati ule ilitegemea sana kuhesabu maneno: ukurasa uliotaja neno fulani mara nyingi ulipewa nafasi ya juu. Page alifikiri tofauti. Aliona kuwa ukurasa wenye uzito ni ule unaoelekezewa viungo na kurasa nyingine, hasa kurasa ambazo zenyewe zina uzito. Ni kama unapotafuta fundi cherehani mtaani. Huangalii nani ana kibao kikubwa. Unasikiliza anatajwa na nani.

Chuo kilitoa nini? Kwanza, kilitoa kompyuta, mtandao, maprofesa wa kusimamia kazi na, jambo ambalo watahiniwa husahau, muda wa kujaribu bila kudaiwa faida. Sehemu ya utafiti huo iligharimiwa na fedha za serikali ya Marekani kupitia mradi wa maktaba za kidijiti. Mtambo wenyewe ulianza kutumika katika anwani ya intaneti ya chuo.

Pili, chuo kilitoa watu. Mwezi Agosti 1998, profesa David Cheriton wa Stanford aliwakutanisha vijana hao na Andy Bechtolsheim, mmoja wa waanzilishi wa Sun Microsystems, kampuni ambayo nayo ilitokana na Stanford. Baada ya kuonyeshwa mtambo ukifanya kazi, Bechtolsheim aliandika hundi ya dola 100,000 kwa jina la kampuni ya Google. Tatizo ni kwamba kampuni yenyewe ilikuwa haijasajiliwa, hivyo hundi haikuweza kuingizwa benki. Usajili ulifanyika Septemba 1998. Utaona basi kwamba Stanford haikuwakopesha fedha za kuanzia. Iliwafungulia mlango wa mwenye fedha. Ukiandika katika mtihani kwamba chuo kiliwapa mtaji huo, utakosa alama.

Tatu, na hapa ndipo penye ugumu, ni suala la umiliki. Wazo lililozaliwa kwa kompyuta za chuo na fedha za umma ni la nani? Sheria ya Marekani ya mwaka 1980 iitwayo Bayh-Dole iliviruhusu vyuo vikuu kumiliki uvumbuzi uliotokana na utafiti unaogharimiwa na serikali kuu. Kwa hiyo hataza ya mbinu ya Page, iliyotolewa mwaka 2001, inamtaja yeye kuwa mvumbuzi, lakini mmiliki alikuwa Stanford. Hataza ni haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi kwa muda maalumu bila ruhusa.

Page na Brin walihitaji leseni ya kutumia wazo lao wenyewe! Stanford ina ofisi ya leseni za teknolojia tangu mwaka 1970, na ndiyo iliyoshughulikia jambo hilo. Ingeweza kudai fedha nyingi mapema, na kampuni ingefia mchangani. Badala yake ilipokea hisa zipatazo milioni 1.8. Kufikia mwaka 2005 chuo kilikuwa kimeziuza kwa dola milioni 336, yaani takribani dola 187 kwa kila hisa. Lakini usidhani kila leseni huishia hivyo. Kampuni changa nyingi hufa, na hisa zake hubaki karatasi tu.

Leseni nyingine hulipwa kwa mrabaha, yaani fedha taslimu zinazotokana na mauzo. Kwa utaratibu wa Stanford, asilimia 15 ya mrabaha hubaki katika ofisi ya leseni, gharama za hataza hutolewa, na kinachosalia hugawanywa sawa kati ya mvumbuzi, idara yake na kitivo chake. Chukulia mrabaha ni shilingi milioni 60 na gharama ni milioni 6. Ofisi hupata milioni 9. Zinabaki milioni 45. Kila upande hupata milioni 15.

Afrika Mashariki nayo ina juhudi za aina hii. Chuo Kikuu cha Nairobi kina C4DLab, na Chuo Kikuu cha Strathmore kina kituo atamizi cha iBizAfrica. Kituo atamizi humpa kijana mwenye wazo nafasi ya kufanyia kazi, intaneti na washauri, kama kuku anavyoyaatamia mayai. Tanzania, COSTECH imelea vituo vya namna hiyo Dar es Salaam, na hataza za Tanzania Bara husajiliwa BRELA. Kwa maoni yangu, majengo yanaonekana upesi kuliko makubaliano ya umiliki, na mwanafunzi anayeingia chuoni na wazo lake afadhali aulize kanuni za umiliki kabla ya kuwasha kompyuta ya maabara.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya mvumbuzi na mmiliki wa hataza kwa kutumia mfano wa Google.

2. Kwa nini hisa zinaweza kuifaa kampuni changa kuliko kulipia leseni kwa fedha taslimu mwanzoni? Taja pia hatari moja kwa chuo.

3. Mrabaha ni shilingi milioni 40 na gharama za hataza ni milioni 4. Kwa utaratibu wa Stanford, mvumbuzi atapata kiasi gani?

4. "Utafiti uliolipiwa na kodi ya wananchi haufai kumtajirisha mtu mmoja." Jadili kwa hoja nne, mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga.