Kiambishi -ka na kumbukumbu za mpiga gitaa mwishoni mwa kiangazi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiombwa kutafsiri neno la Kifaransa nostalgie, mara nyingi hufungua kamusi na kurudi na majibu matatu: hamu, majonzi, kumbukumbu. Hakuna hata moja linalotosha. Kutokana na hilo wengine husema kwamba Kiswahili chetu cha Lubumbashi ni maskini, kwamba ni lugha ya soko na ya mgodi, haina neno la kubeba hisia za ndani. Katika somo hili ninataka kuonyesha kwamba wanatafuta mahali pasipo penyewe. Wanatafuta nomino, kumbe jambo limekaa mwishoni mwa kitenzi.

Mifano yangu niliipata kwa mzee mmoja, mpiga gitaa wa kommuni ya Kenya, ambaye sitamtaja jina. Nilimtembelea mwezi wa Septemba na Oktoba mwaka jana, alasiri, katika lupango lake. Wasomaji wa hapa wanaijua miezi hiyo: joto limekaza, vumbi limejaa kwenye majani ya maembe, mijakaranda imechanua, na mvua bado inangojewa. Kwa mwanamuziki wa mtaani ni wakati wa kuhesabu. Kiangazi ndicho msimu wa harusi na sherehe za nje, kwa sababu watu hukaa uani bila kuogopa mvua. Kiangazi kikiisha, mialiko hupungua. Ndipo mzee hukaa zaidi nyumbani, na ndipo huzungumza zaidi juu ya zamani.

Tuanze na maisha yake ya kila siku. Alinieleza hivi:

(1) Ninaamkaka saa kumi na moja.
(2) Ninatengenezaka maredio.

Katika Kiswahili sanifu tungesema «huamka» na «hutengeneza maredio». Sanifu inaweka alama ya mazoea mwanzoni mwa kitenzi, hu-. Sisi tunaiweka mwishoni, -ka. Si uharibifu wa lugha. Lingala nayo inaonyesha mazoea kwa -aka, na wanaisimu wa lugha za Kibantu wanakijua kiambishi hiki kama urithi wa zamani sana, ambacho lugha nyingi za familia yetu zimekitunza kwa sura mbalimbali.

Sasa tazameni alivyoongea juu ya muziki:

(3) Jana nilipiga ku kilio.
(4) Zamani tulipigaka paka asubui.
(5) Batu balilipaka muzuri.

Katika (3) kuna -li- peke yake: tendo la jana, mara moja, limekwisha. Katika (4) na (5) kuna -li- pamoja na -ka. Sanifu ingesema «tulikuwa tukipiga mpaka asubuhi», maneno mawili. Hapa neno moja linatosha. Linganisheni pia (1) na (4): kiambishi ni kilekile. Kinachobadilika ni -na- kuwa -li-. Ndiyo kusema, katika lugha yetu maisha ya kila siku na kukumbuka zamani yanatumia chombo kimoja. Jambo ambalo mtu hulifanya leo, akilipoteza, halihitaji neno jipya. Linabadilishiwa njeo tu.

Lakini tusikimbie. -li- pamoja na -ka si mazoea tu. Huonyesha pia umbali, hata kwa tendo lililotokea mara moja. Mzee alikuwa akisimulia juu ya Jean Bosco Mwenda, yaani Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na ambaye gitaa lake lilisikika hadi Nairobi. Mzee alijifunza vidole kwa kusikiliza sahani zake, akitumia waya wa breki ya baiskeli pale nyuzi zilipokosekana. Mwenda alifariki katika ajali ya barabarani, Septemba 1990. Mzee alisema:

(6) Mwenda alikufaka mu kiangazi.

Mtu hafi kwa mazoea. Kwa hiyo -ka ya (6) inasema: ni mbali, tumekwisha kukubali. Sarufi za kawaida zingeandika «wakati uliopita wa mbali» na kufunga ukurasa. Mimi pia niliandika hivyo katika daftari langu. Kisha ikaja alasiri ya mwisho.

Mzee alikuwa anakaza nyuzi. Nilimuuliza: «Nkambo, nyimbo hizi unamupigiaka nani?» Akajibu:

(7) Bibi yangu anasikilizaka.

Nilijua, kama mtaa mzima unavyojua, kwamba mke wake alifariki zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kwa kanuni niliyoiandika, ilitakiwa «alisikilizaka». Niliweka alama ya kosa pembeni ya mfano. Baada ya muda mfupi yeye mwenyewe aliendelea, bila kuulizwa:

(8) Alikufa mu kiangazi, sawa Mwenda.

Wekeni (6) na (8) pamoja. Vifo viwili, majira yaleyale, katika kinywa cha mtu mmoja, siku chache tu katikati. Vyote viwili ni vya zamani kwa kalenda. Mwenda alikufaka. Mke wake alikufa, bila -ka, kama mtu aliyekwenda jana ku kilio. Na katika (7) bado anasikilizaka, kwa -na-, kila jioni gitaa likishikwa.

Inawezekana kwamba (7) ni kuteleza kwa ulimi wa mzee. Inawezekana pia kwamba (8) ni ufupisho wa mazungumzo. Mifano miwili ya msemaji mmoja haijengi kanuni, na hili ninalisema wazi ili msomaji asinipe zaidi ya ninachostahili. Lakini kuteleza kukiwa mara mbili, kwa upande uleule, juu ya mtu yuleyule, mwanaisimu hana haki ya kuweka alama ya kosa. Nimeifuta. Pendekezo langu ni hili: -ka ya njeo iliyopita haipimi miaka. Inapima umbali ambao msemaji yuko tayari kuuweka kati yake na jambo. Akiiweka, anaaga. Akiikataa, hajaaga.

Kwa hiyo swali la kamusi linapata jibu lingine. Anayetaka kutafsiri nostalgie katika Kiswahili chetu asitafute neno moja. Asikilize vitenzi. Tulipigaka, balilipaka, tulikuwaka: hapo ndipo mtu wa Lubumbashi anapokumbuka. Na anapoficha uchungu mkubwa zaidi, anaiacha -ka nje.

Mvua za kwanza zilikuja baada ya siku chache. Nilipopita tena, mzee alikuwa ameingia ndani na maredio yake, gitaa likining'inia ukutani. Hatukuzungumza juu ya vitenzi.

Mazoezi kwa msomaji:

1. Mwombe mtu mzima wa familia yako asimulie kazi yake ya kwanza. Andika kila kitenzi chenye -li-. Vingapi vina -ka, na vingapi havina?

2. Tenga vile vya mazoea na vile vya tendo la mara moja. Je, -ka ya tendo la mara moja inafuata miaka, au inafuata jambo lingine?

3. Ukikuta mfano unaovunja kanuni, usiufute. Uliza kwanza jambo hilo linamhusu nani.