Anwani Isiyomwacha Msomaji Njiani

Katika falsafa tunajifunza kutofautisha kitu chenyewe na jina tunalokiita. Tofauti hiyo inatufaa pia tunapotunza tovuti. Msomaji anaandika jina, yaani anwani; seva inamtafutia kitu, yaani faili au programu. Si lazima viwili hivyo vifanane.

Tuchukue mfano. Programu yetu inahifadhi makala kwa namba, na makala ya saba inapatikana kwa makala.php?id=7. Anwani hiyo ni ngumu kusoma na ni ngumu zaidi kunakili. Tena imefungamana na lugha ya PHP: siku tukibadili programu, anwani nayo inakufa. Katekista aliyeichapa kwenye kipeperushi hawezi kupita jumuiya zote akisahihisha. Mwanajumuiya ataiandika vilevile, na jibu litakuwa 404: ukurasa haukupatikana.

Dawa yake ni kuandika upya anwani ndani ya seva. Kwenye seva ya Apache kazi hii hufanywa na moduli ya mod_rewrite, iliyotungwa na Ralf S. Engelschall mwaka 1996. Ikiwa moduli imewashwa na seva inaruhusu faili la .htaccess, tunaandika humo:

RewriteEngine On
RewriteRule ^makala/([0-9]+)$ makala.php?id=$1 [L]

Tuusome mstari wa pili taratibu. Alama ya ^ ni mwanzo wa anwani, na $ baada ya mabano ni mwisho wake. [0-9]+ ni tarakimu moja au zaidi. Mabano yanaishika namba hiyo, na $1 inaikabidhi kwa programu. L inaiambia seva isiendelee na kanuni zinazofuata katika mzunguko huo. Msomaji anaona makala/7 tu. Tuangalie pia kwamba ndani ya .htaccess hatuanzi na mkwaju, kwa sababu seva imekwisha kuuondoa.

Hiyo ni kazi ya kimya. Ipo nyingine ya wazi, yaani kumwelekeza msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya, ukurasa mpya ukiwa tayari:

RewriteRule ^ratiba\.html$ /ratiba-ya-misa [R=301,L]

301 inakiambia kivinjari kuwa uhamisho ni wa kudumu, nacho hukumbuka, hata kama tumekosea. Kwa hiyo wakati wa kujaribu tutumie 302, ambayo ni ya muda. Tukiridhika ndipo tuweke 301.

Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, aliwahimiza wenye tovuti wachague anwani zitakazodumu miaka mingi. Nasi, kabla ya kubadili tovuti ya parokia, tuorodheshe anwani zote zilizokwisha kutangazwa au kuchapwa. Kila moja tuiandikie kanuni yake, kisha tuzijaribu zote kwa simu ya kawaida, kama atakavyofanya muumini anayetafuta saa ya Misa.